Kisanduku cha kuchorea nje: miezi minane, bustani mbili na kilima cha mchanga mweusi

Nimeulizwa mara nyingi mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, eti dada lile sanduku la mbao unalochorea nje umelipata wapi na je lina maana au ni urembo tu. Duka silitaji maana walinikera na sitaki kesi na mtu, ila kisanduku chenyewe nakieleza chote, nimekaa nacho tangu Februari, nimechorea bustani ya Botanical hapa Dar, nimevuka nacho bahari hadi Forodhani Zanzibar, na Septemba nikakipeleka mpaka Ngorongoro kwenye ule mchanga mweusi unaohama na huko ndiko kilikoniaibisha.

Kwa asiyekijua, ni kisanduku cha mbao, ukubwa wa kaunta buku, unene kama kamusi mbili zimelaliana. Ukikifungua kifuniko kinasimama na ndipo unapobana karatasi, chini kuna droo ya rangi na kibao cha kuchanganyia unachokivuta kutoka ubavuni, na kwenye tako lake kuna tundu la skrubu ya robo inchi, ileile ya kamera, kwa hiyo stendi yoyote ya kamera ya miguu mitatu inaingia bila maneno. Wachoraji wanakiita poshadi, neno la Kifaransa la kimchoro cha rangi cha harakaharaka. Changu hakina jina la kampuni popote, ni kale kamzigo ka kutoka China kanakouzwa na kila mtu kwa picha zilezile.

Bei 145,000, stendi nikanunua kwingine 38,000. Tangazo lilisema mbao ngumu, nikakigonga kwa kidole nikasikia plaiwudi imepakwa varnishi ya rangi ya mninga. Waliahidi siku 7 kikafika siku ya 19, nikakifuata mwenyewe kwa wakala Kariakoo, na nati moja haimo, nikiwauliza jibu ni "tutakucheki" na mpaka leo hawajanicheki. Hayo yaishe.

Sasa kwa nini mtu anunue dude la laki na nusu wakati anaweza kukaa chini na daftari mapajani? Na mimi nilijiuliza hivyohivyo. Sababu ni mgongo. Nafanya kazi ya kukaa kutwa nzima ofisini, Jumamosi nikikaa tena saa tatu nimejikunja juu ya daftari kesho yake siamki. Ukichora umesimama unaweza kurudi nyuma hatua mbili ukaitazama picha kwa mbali, na kwa mbali ndipo unapoona mti wako umeinama kama mlevi. Hicho pekee kilinilipa nusu ya hela yangu.

Na haya masanduku madogo ya rangi za mafuta yasingenoga kihivi kama si yule mchoraji wa Kimarekani, John Goffe Rand, aliyebuni tyubu ya bati ya rangi mwaka 1841, maana kabla ya hapo rangi ya mafuta ilikuwa inahifadhiwa kwenye kibofu cha nguruwe, unakitoboa, unakamua, halafu hakizibiki vizuri, hebu fikiria unapanda nacho daladala. Mimi natumia rangi za maji kwa hiyo hainihusu sana, ila nikiona mtu ananuna kwamba kuchora nje ni tabu huwa namkumbuka nguruwe.

Botanical ndiko kisanduku kilikozaliwa kufanya kazi. Hii bustani ni ya tangu 1893, Wajerumani waliianzisha kujaribia mimea, na ile miti mikubwa mpaka sasa inakupa kivuli ambacho katikati ya mji huu hukipati kwingine kwa bei yoyote. Nilikuwa nafika saa 1 asubuhi, nasimamisha stendi, saa 3 na nusu nakunja. Baada ya hapo usijisumbue, hasa Machi, jua la Dar linakuwa utosini kabisa, vivuli vyote vimejificha chini ya miti na kila kitu kimekuwa bapa kama picha ya paspoti. Asubuhi mwanga unakuja kwa ubavu, majani ya mbele yanang'aa, ya nyuma yana bluu, hapo hata asiyejua kuchora anatoka na kitu.

Kisanduku hapo sina neno nacho. Kilisimama imara, droo inabeba tyubu 14, brashi 4, penseli na kitambaa, kikombe cha maji unakitundika pembeni kwa ndoano. Uzito kilo moja na nusu hivi bila stendi, begani unavumilika toka kituo cha basi. Kasoro ya kwanza niliyoiona ni kibao cha kuchanganyia, kimepakwa varnishi ya kahawia, na rangi ya maji juu ya kahawia huioni ilivyo, unadhani umechanganya kijani cha mwarobaini kumbe ukiiweka kwenye karatasi ni kijani cha soda. Nilikata kipande cha sahani nyeupe ya plastiki nikakibandika juu kwa gundi, shilingi 500, tatizo kwisha. Wallahi sijui kwa nini hawakufanya hivyo kiwandani.

Kijani chenyewe, kwa wanaoanza, kile cha kwenye tyubu kiache, hakuna mti Tanzania hii wenye rangi ile. Changanya bluu ya ultramarini na njano ya udongo, kikizidi kung'ara kitulize kwa kidogo cha siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu.

Na jiandae kwa watu. Ukisimama na kitu cha mbao chenye miguu mitatu kila apitaye anadhani unapima kiwanja. Askari mmoja alinijia kwa heshima zote, dada unapima nini hapa, nikamwonyesha, akatazama picha, akatazama mti, akatazama tena picha, akasema huu mti wako mbona hauna mizizi? Na kweli haukuwa nayo, niliupandisha hewani kama mwavuli. Tangu siku ile naanza na mizizi. Mwingine yeyote swali ni moja tu, twiga yuko wapi? Hapa mjini mchoraji ni Tingatinga, basi. Siwalaumu, mzee Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akawa anauzia nje pale Morogoro Stores Oyster Bay, miaka minne baadaye kafariki lakini wanyama wake wamejaa dunia nzima, sasa mimi nije na mti mtupu usio na hata ndege, lazima waulize.

Masika yalipoanza kisanduku kikaonyesha asili yake. Plaiwudi ikanywa unyevu, droo ikavimba ikagoma kutoka, nikaivuta kwa nguvu ikatoka kwa ghafla na tyubu zote zikaruka kwenye nyasi nikawa naokota kama mwenye duka la shanga lililopinduka. Dawa yake ni msasa laini kwenye kingo halafu unapaka nta ya mshumaa, inateleza mpaka leo. Na rangi kavu za vidonge, wale mnaotumia vile vya kwenye kibati, msifunge zikiwa mbichi wakati wa masika, zinaota ukungu mweupe ndani ya siku chache, ziache wazi ndani ya nyumba mpaka zikauke ndipo ufunike.

Julai nikaenda Zanzibar harusini, nikasema siachi kisanduku. Jioni ya pili nikateremka Forodhani, bustani imepangwa vizuri tangu walipoikarabati miaka ya 2008 na 2009, mbele bahari, jua linazama kule kule unakotazama, vijana wa makachu wanajirusha majini mmoja baada ya mwingine na nyuma yako moshi wa mishikaki unakuita jina. Mandhari ya kuchora ni hapo. Nikasimamisha stendi karibu na ukuta wa bahari. Nimeshaweka mbingu, napaka maji kwa brashi pana, upepo ukaja. Kifuniko kimeshikwa na bawaba mbili ndogo ambazo zinatakiwa zikaze zenyewe, zikalegea, kifuniko kikalala nyuma na karatasi yake, stendi yote ikafuata, nikaidaka mguu mmoja. Mzee aliyekuwa anauza juisi ya miwa pale karibu akaniambia taratibu, mwanangu, hilo tanga lako unataka likufikishe Bagamoyo? Watu wakacheka na mimi nikacheka, ila maji ya rangi yalikuwa yameshamwagikia gauni langu la kwendea harusini, lile nililolivaa makusudi ili nipitilize huko.

Mzee alikuwa sahihi lakini, karatasi iliyosimama mbele ya bahari ni tanga. Kosa lililo la kisanduku ni hizo bawaba, na kwenye tangazo wameziandika kwa mbwembwe kwamba zinashika pembe yoyote. Zinashika pembe yoyote sebuleni. Niliporudi Dar nikampelekea fundi Keko, akaniwekea ubavuni kipande cha chuma chembamba chenye mfereji na nati ile yenye masikio mawili unayoikaza kwa vidole, 12,000 na maneno ya bure kwamba aliyetengeneza hiki kitu si seremala. Tangu hapo kifuniko hakijalala. Jingine, tundika mfuko wenye chupa ya maji katikati ya stendi, chini, uzito ule unaituliza. Hilo lilitakiwa nilijue siku ya kwanza.

Sasa Ngorongoro. Jangwa la maana hatuna Tanzania, tukubaliane, ila karibu na bonde la Oldupai kuna kilima cha mchanga mweusi kiko peke yake katikati ya tambarare kavu, umbo la mwezi mwandamo, kimo kama mita 9 na urefu kama mita 100, na kinatembea. Ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, upepo unakisukuma kuelekea magharibi, kinaweza kusogea mpaka mita 17 hivi kwa mwaka, na wameweka alama nyuma yake kuonyesha kilikuwa wapi mwaka gani. Binamu yangu ni dereva wa watalii Arusha, alikuwa na siku mbili hana wageni, akasema twende kwa kuchangia mafuta. Sikuuliza mara mbili.

Nilichokuwa sikijui, na hapa wenye visanduku vyenu mkae chini, ule mchanga una chuma. Binamu alichota kiganja akaurusha juu, ukaanguka mafungumafungu kama unga uliolowana badala ya kupeperuka, punje zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Na kisanduku changu kinafungwa kwa sumaku. Sumaku nne, mbili za kifuniko na mbili za droo, kwenye tangazo ndiyo sifa ya pili baada ya bawaba. Nikakiweka chini dakika moja tu nikaze mguu wa stendi. Nilipokiinua kila sumaku ilikuwa imeota ndevu. Ndevu nyeusi, zimesimama, ukizifuta zinainama halafu zinasimama tena upande wa pili. Kifuniko hakifungi, droo haiingii, na upepo unazidi kuleta mwingine. Binamu alicheka mpaka akakaa chini, akasema leo ndiyo nimeona sanduku linalohitaji kunyolewa.

Nikasema potelea mbali nichore hivyohivyo. Tatizo la pili, hewa. Dar nimezoea nikipaka mbingu nina dakika nzima ya kuicheza kabla haijakauka, wakati mwingine napepea kwa daftari ikauke. Kule nilipaka upande wa kushoto, nilipofika kulia kushoto kumeshakauka na mstari umebaki katikati ya mbingu kama kovu. Rangi za kwenye kibao zikawa ngozi. Vidonge vya kwenye kibati kidogo nilichokuja nacho cha akiba vikapasuka na viwili vikadondoka kabisa, maana rangi ya maji inashikwa na gundi ya mgunga, ileile inayotoka kwa wingi Sudan, na gundi ikikauka sana inavunjika. Dawa ipo duka la dawa lolote, glisirini, ileile tunayojipaka miguuni, tone moja kwa kila kidonge usiku uliotangulia. Nilijaribu na asali kwa sababu kuna viwanda vinaweka asali kwenye rangi zao, Sennelier wa Ufaransa mmojawapo, lakini mimi niliiweka nyumbani Dar na asubuhi nikakuta sisimizi wamejipanga foleni kwenye bluu yangu. Glisirini basi, na ukirudi Pwani usiweke tena maana kwa unyevu wetu haikauki, inabaki inanata.

Mwishowe nilikifunga kisanduku kwa kamba ya viatu nikakirudisha garini. Nikakaa kwenye kivuli cha gari upande usio na upepo, daftari dogo mapajani, kibati cha plastiki cha rangi 12 ambacho nilikinunua miaka mitatu iliyopita kwa 25,000, na ile brashi yenye tangi la maji kwenye mpini. Brashi ile kule ni dhahabu, hakuna kikombe cha kumwagika wala cha kujaa vumbi. Picha ni ndogo kama kadi ya harusi, nimepiga tatu, na mojawapo ndiyo nzuri kuliko zote nilizochora mwaka huu, nasema bila aibu. Mweusi wa mchanga sikutumia tyubu nyeusi, ni ultramarini nyingi na siena iliyochomwa kidogo, inatoa weusi wenye bluu ndani yake, na pale ukingo wa juu jua lilipokuwa linaugusa nikaacha karatasi nyeupe tupu. Nyuma nyasi za rangi ya chapati. Dakika 20 picha moja, mgongo ukanililia ndiyo, lakini nilimaliza.

Karatasi ndiyo iliyonisaidia zaidi kule kuliko rangi. Shemeji alinitolea Ubelgiji pedi ya Arches, gramu 300 kwa mita ya mraba, pamba tupu, kinu chao kiko Vosges, Ufaransa, tangu 1492 na bei yake inaonyesha, lakini nilikuwa nimeikata vipande vidogo nikaviweka kwenye daftari na ndiyo maana rangi ilikubali kurekebishwa hata baada ya kukauka. Manila hii ya stesheneri usihangaike nayo nje, ikipata maji inajikunja kama papadi, na hakuna kisanduku wala klipu itakayoinyoosha. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua karatasi, kisanduku kisubiri.

Nyota basi, maana najua kuna watu wameruka mpaka hapa. Kwa bustani, yaani Botanical, Mnazi Mmoja, uani kwenu, chini ya mwembe, 4 kati ya 5 baada ya fundi, na kabla ya fundi 2. Kwa ufukweni 3, na uzito chini ya stendi lazima. Kwa nchi kavu yenye upepo na vumbi 1, na hiyo moja ni kwa sababu kilimpa binamu yangu furaha. Kwa 145,000 ni ghali kwa plaiwudi, ukimpelekea fundi wa Keko picha na vipimo atakutengenezea cha mninga kweli, mimi kwangu amesema 90,000 na bawaba za maana, na ningelijua hilo Februari nisingekuwa naandika yote haya. Mwambie tu asiweke sumaku, aweke kikomeo cha ndoano kama cha kabati la jikoni, kinashika vilevile na hakioti ndevu.

Za kwangu nilishazing'oa, nimezitupia kwenye kopo la misumari. Mchanga bado umo, nimejaribu kwa tepu, kwa mswaki, kwa maji, hautoki wote, na kila nikifungua lile kopo kutafuta msumari naukuta umehamia kwenye misumari.